Ombi Lililorudi Kutoka Mlimani

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, tena nyingi kabisa, kutoka kwa mtu mwenye malengelenge. Hujambo? Ile mashine ya kusafisha damu hapo wodini inakuendeshaje? Shemeji hajambo, na wale watoto wangu watundu? Tafadhali usinijibu eti unaendelea vizuri, kama kawaida yako. Niambie kama miguu bado inavimba na kama unakula. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vya miguu, ambavyo vimeninunia.

Tumefika, dada. Mimi na Redio, yule jirani yangu msusi, tumeimaliza njia yote ya mahujaji hadi kwenye kanisa dogo la mawe huku mlimani. Nakuandikia nikiwa barazani kwenye nyumba ya wageni, miguu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Najua ulinipiga marufuku. Ulisema mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake, uliyemlea kwa kumviringishia pamba na kumlaza kifuani, hana ubavu wa kupanda mlima, sembuse kukutolea figo. Siku ile hospitalini ulinikatalia mbele ya daktari, ukasema bora ufe kuliko mimi nikatwe mwili kwa ajili yako. Nilitoka pale, lakini moyoni sikukubali hata kidogo.

Nilipomwambia Redio kwamba nakwenda kuomba, nusura afunge saluni na mteja amesukwa nusu kichwa. Unamjua, mdomo wake hauna likizo. Aliongea mlimani, akaongea bondeni, akaongea hata akipiga mswaki. Nyumbani huwa ananichosha, jamani, lakini njiani nilimshukuru. Kila nilipokuwaza machozi yakaanza kunilengalenga, alikuwa na umbea mpya.

Umbea huo huo ndio uliotupoteza. Njia ina alama za rangi kwenye miti, nasi tukazifuata huku tunacheka, kumbe tumeshaiacha njia na tunafuata miti iliyopakwa rangi ili ikatwe! Tukatokea kambini kwa wapasua mbao. Mkubwa wao akatuuliza kama tumekuja kutafuta kazi. Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini, kisha wakatupa chai, na yeye mwenyewe akatusindikiza hadi njiani. Siku hiyo tulitembea hadi basi, na aliyekuwa hoi bin taabani ni Redio. Mikoba yote miwili niliibeba mimi. Ndiyo, mimi huyu unayedhani nitapeperushwa na upepo.

Sasa, mahujaji wa huku wana utaratibu wao. Ukifika mlangoni, huingii na ombi lako. Unamwambia mwenzako uliyetembea naye, yeye anaingia kukuombea, nawe unaingia na la kwake. Redio akaninong'oneza la kwake, nami nikaliingiza, na hilo nitakufa nalo. Nilipotoka, ikawa zamu yangu. Akanitegea sikio.

Dada, kuna jambo nilikuficha. Nilirudi hospitalini peke yangu na nikapimwa kila kitu. Majibu yalitoka kabla sijaanza safari. Figo yangu inakufaa, na daktari ameniambia mwili wangu hauna kasoro yoyote. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa utanikatalia mara ya pili, na neno lile nisingeweza kulisikia tena kutoka kinywani mwako. Nilikuja huku ili Mungu akugeuze moyo.

Lakini pale mlangoni niliona aibu. Mungu ameshafanya yake. Amenipa figo mbili nzima, na akaona zote zikufae. Nimwombe nini tena? Nikamwambia Redio aingie na shukrani tu. Na Redio, dada, alinyamaza! Aliingia kimya, akatoka kimya, uso umelowa, akanishika mkono mpaka tukafika hapa.

Kwa hiyo ombi langu sikuliacha kanisani. Nimerudi nalo, nakuletea wewe, maana wewe peke yako ndiye wa kulijibu. Kisu nakiogopa, sitakudanganya. Ila naogopa zaidi kubaki duniani bila wewe. Uliponiweka kifuani hukuniuliza kama nataka kuishi. Mimi nakuuliza, tena nimetoa miguu kwenye beseni na kupiga magoti hapa barazani, mhudumu ananishangaa: dada yangu, pokea.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Redio anakusalimu na anasema kichwa chako ni cha kwake, mwingine asikiguse. Barua hii nampa dereva wa basi la leo. Sisi tutafuata keshokutwa, na nitakuja moja kwa moja wodini. Ukiniona naingia usinipe maneno, unajua nitalia. Wewe sogea tu kitandani, nipate pa kukaa.

Ni mimi, mdogo wako,
Mshona mapazia