Sahani Moja ya Maharusi

3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo umepoa? Mimi mzima kupita kiasi. Hapa karakana ya mbao watu wanakuja kunitazama: jana nimebeba peke yangu ubao wa watu wawili, nikapiga chafya katikati, na ubao haukutikisika. Seremala mkuu alivua kofia. Kama yupo mume mwenye afya kunishinda mimi, basi bado hajazaliwa, na mama yake aache kumsubiri.

Mke wangu anakusalimu. Wiki ya sita hii tangu harusi. Bado anashona sare za shule kwa yule bosi wake, akirudi jioni ananikuta nimeshapika. Ndiyo, mimi! Acha kucheka. Nakuandikia kwa sababu wewe ni mpishi wa hospitali, unajua chakula cha kujenga mwili. Tunataka mtoto, na sitaki mtoto wa hivi hivi. Nipe siri. Andika kwa herufi kubwa, unajua shule niliiacha kabla haijaniacha.

Na hili likufurahishe: unakumbuka siku ya harusi niliapa mbele ya watu kwamba mimi na mke wangu tutakula sahani moja mpaka tuzeeke? Vigelegele vile! Basi mpaka leo ni moja, haijaongezeka hata kisosi.

Mdogo wako,
Simba wa Randa

14 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ndio huo huo, tunavumiliana. Nimefurahi kusikia mko salama. Huo ubao uupe pole.

Siri hakuna. Kila siku mle mboga za majani, maharage au dengu, yai au samaki mkipata, na tunda. Chumvi na mafuta, mkono mwepesi. Chai msinywe na chakula, ngojeni kwanza saa moja au mbili, maana inauzuia mwili kuchukua madini ya kuongeza damu. Na mke wako akihisi tu kuwa ana mimba, aende kliniki. Asingoje tumbo lionekane.

Sasa nisikilize vizuri. Toa sahani ya pili. Hapa wodini kila mgonjwa ana yake, nikikusanya vyombo namjua aliyekula na ambaye hakula. Wewe nimekulea. Ulikuwa unakula kama gari linakusubiri nje, ukimaliza chako unakitazama cha mwenzako kwa huruma. Binti wa watu ana adabu. Yeye tonge moja, wewe matano. Kiapo cha harusini kilikuwa cha kuchekesha watu. Wamecheka, wameenda kwao.

Dada yako

2 Aprili

Dada, mkuu wa masufuria yote,

Shikamoo. Habari za wodini? Sisi huku ni wazima na zaidi. Ushauri wako nimeuandika kwa chaki nyuma ya mlango: Jumatatu maharage, Jumanne samaki, mpaka Jumapili. Mwenye nyumba alidhani ni ratiba ya mpira, akauliza fainali lini.

Fainali ni hii: mke wangu ana mimba! Mkunga amesema miezi miwili. Niliruka pale kliniki mpaka nikaangusha mzani.

Lishe yako inafanya kazi, dada. Nimeongezeka kilo nne. Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Mke wangu yeye amepungua kidogo, gauni limekuwa kubwa mabegani, lakini anasema ni kichefuchefu. Namwambia kula, ananiambia nimetosheka. Basi nami nisiache chakula kiharibike.

Kuhusu sahani ya pili, hapo hospitali imeingia chumbani kwangu. Tulipewa dazeni nzima harusini, zimelala kwenye boksi juu ya kabati. Wenzangu wakisikia kila mtu anakula kwenye yake watasema ndoa imebanduka kabla gundi haijakauka.

Mdogo wako, baba mtarajiwa,
Simba wa Randa

11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongereni sana. Mwambie mke wako nimefurahi mpaka wenzangu jikoni wamenishangaa.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama. Kilo zako umeandika, zake hukuandika. Mwenye kichefuchefu hali haraka. Anakula kidogo, anapumzika, anarudi. Akigeuka tu kumeza mate, wewe umeshafika chini ya sahani. Na akisema ametosheka, ni kwamba hakuna kilichobaki.

Mpakulie yeye kwanza. Kingine mfunikie. Mpeleke wakampime damu. Nijibu wiki hii, tafadhali.

Dada yako

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi tupo. Nisamehe kwa kuchelewa, mbao zilikuwa nyingi.

Tulikwenda kupima. Damu imepungua, wamempa vidonge. Muuguzi akaniuliza mbele ya watu kama nyumbani kwetu chakula kipo. Mimi! Nikakunja mkono nikamwonyesha msuli, foleni nzima ikacheka. Mke wangu hakucheka, lakini siku hizi hacheki ovyo.

Wiki iliyopita alianguka kazini, kwenye cherehani. Mimi nasema ni ile kazi ya kuinama, na joto la bati. Mama mkwe naye anasema ukoo wao ni wembamba tangu zamani. Usiwe na wasiwasi. Juzi nimemnunulia maini, nikayapika mwenyewe kwa kitunguu na nyanya. Matamu hatari.

Mdogo wako,
Simba wa Randa

17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Umesema maini yalikuwa matamu hatari. Umejuaje?

Dada yako

20 Julai

Mdogo wangu,

Hujanijibu. Mama mkwe wako amenipigia simu, amenieleza. Poleni. Nilikaa kwenye gunia la viazi jikoni mpaka wenzangu wakapakua bila mimi.

Sikuandikii nikugombeze. Nataka tu uniambie ukweli, maana najua hujamwambia mtu.

Dada yako

4 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Ndilo linalonitia aibu, kwamba mimi mzima, kilo zangu zote ninazo.

Mke wangu yuko kwa mama yake. Nimekwenda Jumapili mbili. Ya kwanza aliniletea kiti, akarudi ndani. Ya pili niliambiwa amelala, na mimi nilikuwa naisikia cherehani inakwenda chumbani. Mama mkwe akasema binti yake amenenepa kidogo, siku hizi anakula vizuri. Alisema hivi hivi tu, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Nikakosa pa kuangalia. Nadhani harudi. Hakuna aliyesema hivyo, lakini na nguo zake alizobakiza alikuja dada yake kuzichukua.

Daktari alisema mimba hutoka kwa sababu nyingi, hawezi kuapa ni ipi. Seremala mkuu akasema ni mipango ya Mungu. Kila mtu amenipa pa kujificha, nami nikajificha kote. Kwako nilijificha kwenye cherehani na bati.

Maini nilikula mimi. Yeye alipata vipande viwili. Lakini ningekuwa nakula haraka tu, ningeweza kusema sikuona.

Mwezi wa tano, Jumamosi mchana, wenzangu watatu wa karakana walikuja kula kwetu. Mke wangu alikuwa ameshusha lile boksi. Akatupakulia mimi na wageni, akajipakulia yake, akakaa nayo karibu na mlango. Nikasema, "Jamani, tazameni, nimepewa talaka ya sahani!" Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikachukua chakula chake nikakimimina kwenye sahani yangu, nikamwambia, "Njoo, mama, kiapo ni kiapo." Akaja. Sijui kama alipata matonge matatu.

Walipoondoka alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Akasema taratibu, bila kugeuka, "Mume wangu, mimi kila siku nalala na njaa."

Nilimsikia, dada. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamjibu kwamba mke wa mwanaume kama mimi hawezi kuwa na njaa, nikacheka peke yangu, na kesho yake nikatenga sahani moja.

Mdogo wako