Kura ya Kuishusha Picha

Durham, 9 Juni

Mdogo wangu Doreen,

Uniwie radhi kwa ukimya wangu mrefu. Goti limepona, na mawaridi yamechanua.

Tawi letu la chama litapiga kura kuhusu kuiondoa ukumbini picha ya waziri mkuu wetu wa zamani. Jirani yangu Alf alinitania, "Siasa zenu za wastani ni chai vuguvugu, Bi Hilda. Hata vijana wenu wameimwaga."

Nikamjibu, "Na shule wanayosoma wajukuu wako aliijenga nani, mzee?"

Lakini waziri mkuu huyo ndiye aliyempeleka mwanao Colin vitani Iraki, na Colin hakurudi. Ukitaka picha ishuke, nitaishusha mwenyewe. Siasa za wastani nitazitetea hata ukuta ukiwa mtupu.

Nijibu kabla ya kura. Tukishaamua, nitakuandikia.

Dada yako,
Hilda