Pengo la Mama

Jumatano, 5 Machi

Siku ya tatu bila Mama. Kaka Bramwel anataka picha ya bango la matanga. Ya maana iko moja tu — niliipiga mwenyewe kwa simu, tukipukuchua mahindi. Mama anacheka, mdomo wazi, pengo la meno mawili ya chini linaonekana. Zamani kwetu vijana waling'olewa meno hayo ili wahesabiwe watu wazima. Mama hakulia siku aliyong'olewa. Wala hakuchoka kutusimulia kwamba hakulia.

Bramwel kasema isafishwe kidogo. Nimekubali. Kusafisha tu, nikadhani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoka Lumakanda hadi Kakamega mjini, kwa Onesmus wa studio. Studio yenyewe siku hizi ni kompyuta na kiti. Akabonyeza, kitambaa cha kichwani kikageuka nywele. Akabonyeza, shingo iliyokonda ikajaa. Ngozi ikawa nyororo, ya mtu asiyewahi kushika jembe. Na meno — yote, meupe, yamepangana kama punje za mahindi ya mbegu.

Nikamwambia Mama hana hayo mawili. Akasema si yeye aliyeyaweka, mashine huziba yenyewe ikiona pengo. Akajaribu kuyatoa. Likabaki shimo jeusi, kama la mtu aliyepigwa ngumi. Tukayarudisha.

Usiku Bramwel kaiweka kwenye grupu ya familia. Amina zikamiminika. Mama amekuwa mrembo, wanasema. Amekuwa! Nimezima simu.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimelia kuliko siku aliyokufa.

Mama Kiprotich, jirani yetu, amerudi kutoka kwa bintiye Eldoret. Yeye ni Mkalenjin, na kwao pia walimng'oa meno ya chini. Kwa hilo pengo yeye na Mama waliitana dada. Wakati wa fujo za uchaguzi alituficha jikoni kwake, akasimama mlangoni kuwazuia vijana wa kwao.

Alifika langoni, akalitazama bango kwa muda. Hajui kusoma. Akaja kunishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyu wa kwa picha ni nani tena? Mmepoteza wawili?"

Muhonja, mke wa Bramwel, ndiye aliyemweleza kuwa ni Mama. Akaenda kukaa peke yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Bramwel simu. Tulitoe hilo bango, tuweke ile picha ya mahindi. Akasema nataka kumwaibisha Mama mbele ya wageni wa kazini kwake. Halafu akasema ugonjwa ulimla mpaka akaisha, basi hata mara moja tu aonekane mzima. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia, nikashindwa. Naye ni mtoto wake.

Kabla ya kukata akaniambia ile picha ya Onesmus ameshawapelekea watu wa mochari. Wamtengeneze sura kwa kuifuata.

Sijala.

Ijumaa, 14 Machi

Mhudumu wa mochari kapiga asubuhi, anajivunia kazi yake. "Mtafurahi. Amekuwa kama picha tu. Hata meno tumemwekea."

Nikauliza kama yanatoka. Akasema wameyashikisha kwa gundi.

Tangu adhuhuri Mama Kiprotich ameketi mbele kabisa, chini ya turubai. Hajatoa chozi. Wanawake wameanza kunong'ona — rafiki gani huyo, macho makavu. Nimempelekea chai, akaikataa.

"Nitakunywa tu baadaye. Wacha nimuone dada yangu Nasambu kwanza, ndio nilie."

Naandika nikiwa dirishani jikoni. Gari la maiti limeingia langoni, nyimbo zimeanza. Jeneza litafunguliwa mbele yake. Nilikuwa na siku nzima ya kumwambia habari ya meno, sijamwambia. Amesimama. Anafuta miwani kwa leso, upande huu, upande ule —