Mshale Uliposhuka

Kijiji cha Bukiriro,
Posta ya Ngara.
Alhamisi, 6 Machi 1980.

Mpendwa Mjomba Anatory,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima wewe, Mama Privatus na watoto wote, na kile kifua kilichokusumbua tangu siku za Noeli kiwe kimekuachia. Sisi huku tupo. Mama anasumbuliwa na magoti kila mvua inaponyesha, lakini unamjua dada yako, haachi jembe. Baba ni mzima wa mwili. Mimi pia sijambo, ila nimechoka, na uchovu wangu hauishi kwa kulala.

Nisamehe kwa kukaa muda wote huu bila kukujibu. Si kwamba karatasi hazipatikani, ingawa hizi nazichana katikati ya daftari langu la maandalio ya masomo. Kila niliposhika kalamu nilijua kuwa nitalazimika kukueleza habari ya geji uliyotutumia, nami nikaiweka kalamu chini.

Mvua mwaka huu ni nzuri. Maharage yametoka vizuri upande wa mabondeni. Chumvi imepatikana, sabuni bado. Darasa langu lina watoto sitini na wawili, na wengi wanaandikia vijiti ardhini. Mtoto wa pili wa Audax, jirani yetu, amepata Komunyo ya kwanza.

Sasa nikueleze.

Unakumbuka kuwa pikapu ya kijiji, ile ya dizeli, ilikwenda vitani kubeba unga, ikarudi Agosti mwaka jana. Injini ilikuwa inavuta vizuri, lakini geji zote, vile vipimo vya kwenye dashibodi, zilikuwa zimelala. Baba aliiendesha hivyo kwa miezi mitatu, akipima joto kwa kuweka kiganja juu ya boneti na kunusa. Ndipo nilipokuandikia kukuomba msaada, nawe ukatujibu kuwa karakanani kwenu, huko kwenye mkonge, zipo geji mbili zilizotolewa katika lori kuukuu: moja ya joto la maji na nyingine ya presha ya oili. Ukasema tuchague moja, kwa sababu moja lazima ibaki kwa lori la shamba.

Baba alitaka ya oili. Nakumbuka maneno yake, kwa kuwa alikuwa anamenya ndizi na alinielekezea kisu.

"Maji nayaona, Scholastika. Nasimama, nafungua kifuniko cha rejeta, nachungulia. Oili nitaichungulia wapi huku gari linatembea? Oili ni damu."

Mimi nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimeazima kitabu cha injini kwa mwalimu mwenzangu, na kitabu kilisema adui wa kwanza wa injini ni joto. Nikamwambia, "Baba, haya yameandikwa." Akanitazama kidogo, akasema, "Basi kama yameandikwa." Nami nikakuandikia: tutumie ya joto.

Tuliifunga wenyewe Jumamosi moja ya Desemba. Nakiri kwamba siku hiyo nilikuwa na furaha kuliko siku nyingi za maisha yangu. Baba alitoboa dashibodi kwa msumari na patasi, taratibu, hadi duara likaenea. Ule mrija mwembamba wa shaba uliokuwa mrefu kupita kiasi hatukuukunja, kama ulivyotuonya. Tuliuzungusha mara tatu kwenye chupa, ukatulia. Pale unapopita kwenye bati kuingia upande wa injini, baba alikata kipande cha katambuga zake za tairi akakitoboa, mrija ukapita ndani ya mpira usije ukakatwa na bati. Kile kidole cha mwisho cha mrija, chenye kupima joto, tulikifunga kwenye silinda hedi mahali palipokuwa na bolti. Hakikuvuja hata tone.

Namba za geji ni ndogo kama chawa. Baba alihitimu kisomo cha watu wazima, lakini macho yake hayazioni akiwa barabarani. Kwa hiyo nilichukua rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka mlango wa shule, nikapaka mstari kwenye kioo, sehemu ya juu. Nikamwambia, "Mshale ukifika kwenye nyekundu, simama." Chini sikupaka kitu. Chini nilidhani ni salama.

Tarehe kumi na tano Januari, Shangazi Deodata, mdogo wake baba, alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza kufika miezi tisa baada ya tatu kuharibika. Tulimlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, mama akakaa naye, mimi nikakaa mbele nimsomee baba geji. Tulitoka saa mbili asubuhi kwenda hospitali ya misheni.

Kwenye mlima mrefu mshale ulianza kupanda. Nilikuwa natamka kila hatua. Ulipokaribia mstari wangu baba aliuliza, "Nisimame?" Nyuma shangazi alikuwa analia, mama anagonga bati tufanye haraka. Na papo hapo, Mjomba, mshale ukashuka. Haukushuka kidogo kidogo. Ulishuka kama mtu anayeketi.

Nikapiga makofi. Nikasema, "Umeshuka, baba! Umeshuka, twende!" Akaachia usukani kwa mkono mmoja, akafanya ishara ya msalaba, akakanyaga mafuta.

Tulikwenda kama maili moja na nusu. Kisha ikasikika sauti kama mawe yanayotikiswa ndani ya sufuria, na injini ikazima. Baba alipofungua boneti, hakukuwa na maji. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka pale pale mlimani na maji yote yalikuwa yamekwenda. Kidole cha geji, humo ndani ya hedi, kilikuwa kimebaki patupu, hakigusi maji. Nilirudi kutazama dashibodi. Mshale ulikuwa umelala chini kwa amani.

Wewe ni fundi, huhitaji nikufafanulie. Mimi ilinichukua muda kuelewa jambo ambalo mpishi yeyote analijua, kwamba mwiko ulioutoa chunguni hauwezi kukuambia ugali unaungua. Nimelala na jambo hilo wiki saba. Ile ya oili ingeshuka pia, oili ilipokuwa nyepesi kwa moto, na baba angejua kuwa kushuka kwake ni hatari.

Wanaume walitoka mashambani na ngobyi, wakambeba shangazi mabegani katika kitanda kile cha wagonjwa hadi hospitali. Alijifungua mtoto wa kiume. Hakulia. Shangazi ni mzima sasa, analima, lakini hajaja kwetu tangu siku ile.

Katika mkutano wa kijiji, mwenyekiti, Mzee Bartholomayo, alimuuliza baba mbele ya watu wote, "Ildefonce, geji tuliruhusu ifungwe. Hukuwa unaitazama?" Baba alivua kofia akajibu, "Sikuitazama." Nilikuwa nimesimama ukutani na wanawake. Niliyasikia maneno yale nikanyamaza. Ufunguo wakautundika msumarini katika ofisi ya kijiji.

Njiani nilimuuliza kwa nini amesema vile. Akasema, "Wewe utafundisha watoto wao miaka thelathini. Mimi nimebakiza michache. Acha hivyo." Alipofika nyumbani akalitundika koti lake la khaki la udereva, na hajalivaa tena. Kila asubuhi hupitia pale ilipo pikapu, huipangusa vumbi kioo, kisha huenda shambani. Amekuwa dereva tangu sijazaliwa. Sijui kama unaweza kumfikiria baba bila gari; mimi nilikuwa siwezi, na sasa namwona hivyo kila siku.

Silinda hedi ilipelekwa kuchongwa, imerudi, na gasketi mpya imepatikana. Kesho kutwa, Jumamosi, mkutano utaamua nani apewe ufunguo. Inasemekana atapewa mpwa wa Bernardo, yule mtani wa kijiji.

Naacha hapa. Nina jambo la kuamua.

Jumapili, 9 Machi.

Mjomba, naendelea.

Jana nilisimama. Nilisema kwamba baba hakuwa na sababu ya kuitazama geji kwa kuwa niliyewekwa kuitazama ni mimi. Kwamba niliyechagua ile ya maji badala ya oili ni mimi, yeye akikataa. Na kwamba aliniuliza kama asimame, nami nikamwambia twende.

Kisha Bernardo, ambaye hajawahi kukosa neno, akasema, "Basi ufunguo tumpe mwalimu, aendeshe kwa chaki!" Watu wakacheka.

Mzee Bartholomayo hakucheka. "Binti, baba yako alituambia hapa hapa kwamba hakutazama. Sasa mwongo ni nani kati yenu?"

"Baba alidanganya," nikasema. "Alidanganya kwa ajili yangu."

Sikuthubutu kumtazama. Nilitazama viatu vyangu. Nikamsikia mtu anainuka upande wa wanawake, na sauti ilikuwa ya Shangazi Deodata.

"Aliyekuwa nyuma ya gari ni mimi, si Bernardo. Mwanangu hakuuliwa na geji. Aliuliwa na umbali, na umbali huo bado upo, na kesho itakuwa zamu ya binti wa mwingine. Wabebaji wa ngobyi walipokezana njia nzima. Kaka yangu alishika mti wa mbele tangu tulipozimika hadi mlangoni mwa hospitali, na kila aliyetaka kumpokea alimfukuza. Huyo ndiye namtaka anipeleke nikipata uchungu tena. Mpeni."

Akaketi. Hata Bernardo alijikuna kichwa akasema, "Mimi nilikuwa natania tu, mama."

Mkutano umeamua hivi: baba arudishiwe ufunguo, lakini pikapu isibebe mgonjwa hata mmoja kabla ya kuwa na geji zote mbili.

Baba alitangulia nyumbani, hakunisubiri. Nilipoingia nilimsikia anamwambia mama, "Mtoto hamvui baba yake koti mbele ya watu." Mimi nilikaa nje na mahindi ya kupukuchua mapajani, bila kufanya nayo kitu. Sikujuta, Mjomba. Lakini sikupata ule wepesi niliodhani mtu huupata akisema kweli. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokuwa amenipa.

Leo tulikwenda Misa, yeye mbele, sisi nyuma. Tuliporudi, nikiwa nawasha moto, alikuja akasimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa amevaa koti la khaki. Mkononi alikuwa na lile kopo la rangi nyekundu, nami sikujua kama alilihifadhi muda wote huu.

"Ile geji," akasema, "paka na chini."

Nikachukua kopo. Tukaenda pamoja hadi kwenye pikapu. Rangi ilikuwa imeganda, akaichanganya na mafuta ya taa kidogo kwa kijiti cha kuni, akaushika mlango usipigwe na upepo wakati napaka. Sasa mshale una nyekundu juu na nyekundu chini, na katikati nafasi ndogo ya kupumulia. Nilipomaliza alipima kwa jicho akiwa kwenye kiti chake, akasema anaiona. Kisha akagusa dashibodi upande wa kulia, mahali patupu. "Hapa patakaa ya oili. Mwandikie mjomba wako. Na safari hii mwambie ni mimi niliyechagua."

Kwa hiyo, Mjomba, hilo ndilo ombi langu. Najua geji ile ilipangiwa lori la shamba. Ikiwa bado haijafungwa, mwombee baba kwa msimamizi wako. Ikiwa imefungwa, tuulizie nyingine, hata yenye kioo kilichopasuka, mradi mshale uwe hai. Utuandikie pia ni upande gani wa injini mrija wake unafungwa, na kama uzi wa bolti yake ni sawa na ule wa kwanza. Baba ameshaweka katambuga ya pili pembeni kwa ajili ya kukata mpira. Mama anasema baba atatembea peku mwaka huu.

Mama anakusalimu sana, anasema usiache kunywa maji ya moto kwa ajili ya kifua. Shangazi Deodata anakusalimu. Leo baada ya Misa alikuja kwetu, akala. Utusalimie Mama Privatus, Privatus mwenyewe, na Zita mdogo, umwambie nimesikia ameanza shule na nangoja aniandikie jina lake.

Mungu awalinde huko mliko, na sisi atujazie mahali pale patupu kabla mgonjwa mwingine hajalihitaji gari.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo na vidole vyekundu,

Scholastika Ildefonce