Jiwe la Pili la Mentoni

Mentoni, kando ya bahari
Jumapili, baada ya misa

Mke wangu Monika, Mama Mapasa,

Nakusalimu kwanza, maana hata penye msiba watu husalimiana kabla ya kukaa chini. U hali gani? Kifua chako je, kile kinachokubana wakati wa mvua? Mama yangu amepata usingizi? Na Kyungu anakula? Swali hilo la mwisho ndilo ninalolingojea jibu kuliko yote, nami najua jibu litakuja kwa treni, kisha kwa meli, kisha kwa treni tena. Mimi mwili wangu ni mzima. Sina homa wala kikohozi.

Barua uliyomwambia kaka yako Leo aiandike ilinifikia Jumatatu. Aliandika kwa adabu ya mapasa, wale pacha wetu, hakulitaja lile neno la kufa. Kwanza alisema tu, "Kabange amerudi kwao. Surua ilimshika siku tano. Hatukulia, tuliimba." Nilisoma nikiwa nimekaa juu ya sanduku la kuni jikoni. Madamu, mke wa Bwana, aliniita mara mbili sikumsikia.

Pacha haliliwi, Monika. Wewe unajua, lakini naandika ili nijikumbushe mwenyewe. Ukimlilia aliyekwenda, atamvuta aliyebaki. Binti yangu wa miaka mitatu ameondoka, nami nimekaa nchi ya mbali nikiyabana macho kwa ajili ya ndugu yake.

Mwisho wa barua kaka yako aliandika, "Dada anauliza: wewe huko unafanya nini kila siku?" Niliusikia ukali wako hata katika mwandiko wa mtu mwingine. Una haki ya kuuliza. Nitakujibu bila kuficha kitu.

Kila siku nasukuma kiti cha magurudumu cha Bwana. Bwana Kitambala hawezi tena kutembea hata hatua kumi. Unakumbuka tulivyompa jina hilo kwa ajili ya kitambala anachokoholea. Sasa vinafuliwa vitambala kumi na viwili kwa siku, na mfuaji ni mimi. Jua likishapanda namvisha kofia, namfunika blanketi mbili, tunatoka. Kuna barabara pana kando ya maji, na upande wa pili hoteli ndefu zenye madirisha mengi kuliko nyumba zote za mtaa wetu. Huku ni wakati wa baridi, lakini miti ya malimau imejaa matunda, na juu nyuma yake unaona milima yenye theluji. Kuna mti mwingine wenye maua madogo ya njano. Ukiutikisa, mabega yako yanakuwa kama ya mtu aliyetoka kusaga mahindi. Wanawake wanapita na mbwa waliovaa makoti. Nimeona mbwa mwenye koti la vifungo vinne, linamkaa sawasawa. Langu ni la zamani la Bwana, mikono inanifunika mpaka vidole. Mama mmoja anauza mkate mwembamba wa dengu, wa moto, kwenye sinia kubwa. Huniita Senegali. Nimemwambia mimi ni mtu wa Katanga, anacheka, ananikatia kipande kikubwa: "Kula, Senegali."

Watu wanasema hapa ni mahali pa raha, na kweli ni pazuri. Lakini kila benchi lina mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Wanaulizana nani alilala vizuri. Wiki ikipita, benchi moja linabaki tupu, na hakuna anayeuliza. Hawawashi moto nje, hawalali chini pamoja na wafiwa. Nilikuwa nikiwahurumia kwa jambo hilo, kabla ya Jumatatu.

Bahari yenyewe haina mchanga hapa. Ufuko wote ni mawe, ya mviringo, laini kama sabuni iliyotumika. Wimbi likirudi nyuma linayaburuta, na unasikia kama mtu anamwaga mahindi makavu kwenye beseni. Sasa nimefika kwenye jiwe. Nimezunguka sana kabla ya kulifikia, na wewe umeona.

Wiki ya kwanza tulipofika niliokota jiwe moja dogo, jeusi, lenye mshipi mweupe uliolizunguka lote bila kukatika. Niliwawazia watoto wetu palepale. Nikasema, nitafute la pili linalofanana nalo kabisa, mapasa wapate sawasawa. Nilitafuta siku kumi na nne. Bwana akisinzia jua likimpiga, mimi chini naokota na kutupa. Jingine lilikuwa na mshipi uliokatika, jingine mishipi miwili, jingine kubwa mno. Halafu Madamu akawa anapeleka sanduku la zawadi kwa rafiki yake huko mjini kwetu. Akaniita: "Benua, kama uko na kitu ya bibi yako, leta sasa hivi. Tunafunga."

Nikalitia lile moja ndani ya soksi, nikakuandikia, "Lingine linakuja nyuma." Mimi, niliyelelewa na mama aliyewahi kuwanyonyesha mapasa. Mimi niliyekugombeza siku ile uliponunua ndizi moja ukataka kuikata, maana kipande kimoja kingekuwa kirefu kuliko kingine. Pacha hapewi ahadi wakati mwenzake amepewa kitu mkononi. Nilijua. Nilijua nikafunga soksi kwa uzi.

Kaka yako Leo amenieleza yaliyofuata. Ulilificha chini ya sahani ya udongo, ungoje la pili, na hapo ulikuwa na akili kuliko mimi. Kabange akalipata, kwa kuwa Kabange alipata kila kitu kilichofichwa. Kyungu akalia, "Yangu iko wapi?" Wakaligombania siku mbili nzima. Kisha surua ikaingia mtaani, ikawashika wote wawili, ikamwacha mmoja. Na kwamba Kabange alikwenda amelishika, nawe ulipomwosha hukumfungua vidole. Umezika jiwe langu pamoja naye. Hapo ulifanya vema, Monika, na kwa hilo nakushukuru kuliko mambo yote uliyonifanyia tangu tuoane.

Lakini sasa Kyungu analala akiwa amenyoosha mkono. Kaka yako anasema mtoto anasukuma sahani ya chakula, anarudia neno lile lile, "Yangu iko wapi?", na wamama wa mtaa wanatazamana. Mama yangu amesema mbele ya watu, "Baba alipeleka moja." Usimkasirikie. Amesema kweli. Msiba wa kujitakia hauna kilio, na huu wangu umekatazwa kilio mara mbili.

Jumanne, siku moja baada ya barua, ilikuwa siku ya watu kucheza kabla ya kupakwa majivu. Huku wazungu wazima wanavaa vinyago, wanapanda magari yaliyopambwa kwa malimau na maua, wanatupiana maua usoni. Bwana akataka kuona. Nikamsukuma katikati ya ngoma na tarumbeta. Kila mtu anacheka. Nikaona koo langu linafunguka lenyewe, na nikajua nikiacha kitakachotoka ni kilio. Basi nikaimba. Niliimba zile nyimbo zetu za mapasa, zile za matusi, ambazo padri alitukataza na sisi tukaziimba nyuma ya nyumba. Nilimtukana baba ya mapasa, nikamtukana mama ya mapasa, nikataja vitu vya suruali na vitu vya sketi kwa Kiluba, kwa sauti yote niliyo nayo. Wazungu wakanipigia makofi. Mwanamke aliyevaa kichwa cha punda akanitupia maua kifuani. Madamu akamwambia Bwana kwa Kifaransa, "Tazama Benua alivyo na furaha leo." Niliwaimbia wanangu mpaka sauti ikakauka. Sijui kama wimbo wa mtu mmoja unahesabiwa, bila nyinyi wa kuitikia.

Jumatano nilipakwa majivu, nikarudi kwenye mawe. Nilimwomba Bwana ruhusa nirudi nyumbani. Akaniuliza nani atasukuma kiti, na kweli hakuna mwingine. Tutarudi baada ya Pasaka. Basi nikaona lililobaki ni moja: nimpatie Kyungu jiwe lake, lililo sawa na lile, kabla mkono wake haujachoka kunyooka.

Nilitafuta Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Sikungoja tena Bwana alale. Jana akakohoa, akapiga gurudumu la kiti kwa fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake cha kazini:

"Benua! Uko natafuta nini kila siku mu ile majiwe?"

"Jiwe, Bwana."

"Majiwe iko tele."

"Ya kufanana na ingine, Bwana. Nilipeleka moja kwa batoto yangu. Sasa mumoja amekufa."

Neno likanitoka, Monika. Nilikuwa nimelilinda tangu Jumatatu, nikalisema mbele ya mzungu. Unajua huyu alifungua machimbo ya mawe ya nusu ya majumba ya mji wetu. Mawe ndiyo kitu pekee ninachoweza kusema anakijua.

"Miye nilipasua majiwe miaka makumi mbili na tano," akasema. "Mulima muzima. Sijaona mbili ya sawasawa hata siku moja. Ile unatafuta, haiko. Haikukuwako."

Kisha akafunga macho, kana kwamba ameniambia habari ya mvua.

Nikasimama pale. Nikawaona watoto wetu, Monika. Kyungu mpole, anayengoja uji upoe. Kabange na kovu lake juu ya jicho, aliyeniuma kidole siku naondoka kituoni, akakataa kuniaga. Walifanana lini? Hata siku walipozaliwa, mkunga alisema huyu wa pili ametoka na hasira. Ningaliokota mawili yoyote, siku ya kwanza ileile, nikayatia ndani ya soksi, wangalicheza nayo, na mimi leo ningekuwa mtu mwingine. Surua ingekuja, labda. Hilo naliweka kando, silijui. Ninachojua ni kwamba binti yangu alipigania kitu ambacho kilikuwa kimejaa chini ya miguu yangu, hadi upeo wa macho.

Basi nikafumba macho, nikainama, nikaokota moja. Sikuchagua. Ni jekundu kidogo, limepasuka pembeni, halina mshipi wowote. Ndilo hilo utakalolikuta ndani ya soksi ya pili. Kesho asubuhi nalipeleka posta mwenyewe.

Nisalimie mama yangu, na umwambie alilosema nimelipokea. Nisalimie Leo, umwambie mwandiko wake wa kikatekista uliweza kubeba habari ile bila kuanguka, nami nisingeweza. Nisalimie seremala, jirani yetu, aliyetengeneza kile kisanduku cha kumzikia Kabange. Nikirudi nitamshika mkono. Nisalimie wale wamama walioimba usiku ule badala yangu.

Nawe, mke wangu, nakuomba msamaha. Siombi unipe sasa, kwa barua. Uniwekee mpaka nifike, nije niuombe nikiwa nimekaa chini kama inavyotakiwa. Nimejiuliza nitamlilia binti yangu siku gani. Nimeona haitawezekana mpaka Kyungu awe mzee ameshazika watu wake, na siku hiyo mimi sitakuwako. Kwa hiyo nitakufa nayo, haya machozi ya Kabange. Usiogope, nitayabeba.

Jiwe likifika, usimpe Kyungu kama unavyompa mtoto mmoja. Nyoosha mikono yote miwili. Ita majina yote mawili, la Kyungu kwanza kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kisha la Kabange, kwa sauti ileile. Halafu ngoja kidogo, kama tulivyokuwa tukimngoja aje na hasira zake.

Kisha mpe ndugu yake.

Ni mimi mume wako,
Benua,
Baba ya Kyungu na Kabange