Kidonge cha Lucien

La Sarre, 8 Septemba 1996

Mdogo wangu Ghislaine,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya Mungu na mbele ya majirani wote waliokuwa wakichungulia, natangaza kwamba jana alasiri pazia la dirisha la choo cha gari-nyumba letu lilitundikwa rasmi. Lina maua ya njano. Shemeji yako Lucien alishika nyundo, mimi nikashika misumari. Padri hatukumwita kwa aibu tu.

Baada ya tangazo hilo, habari za joto? Sisi hatujambo. Leo asubuhi umande ulikuwa umeganda, na Lucien alizikanyaga nyasi makusudi akiziambia, "Gandeni tu. Mwaka huu hamnipati." Unamjua. Maisha yake yote kwenye kiwanda cha mbao, na kila Januari anafukua theluji mlangoni kwa koleo kabla hajaonja kahawa. Anataka msimu mmoja tu wa baridi aingize miguu kwenye bahari ya vuguvugu badala ya kwenye buti. Bahari yenyewe ameiona kwenye kalenda ya benki.

Tunaondoka siku ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, baada ya misa. Tushikie nafasi kando yako pale kwenye uwanja wa magari-nyumba.

Bima ya matibabu ya safari tumeshakata. Sharti lao unalijua: daktari akibadili dawa ya mzee miezi michache kabla ya safari, bima imekufa, na ukianguka huko Marekani utauza nyumba kulipa hospitali. Kwa hiyo tangu Agosti huku kwetu Quebec hakuna mzee anayeumwa. Zahanati ni tupu, daktari anasoma gazeti. Ukimwuliza mtu hali kanisani, anajibu, "Vilevile." Ukisema mbaya, utaongezewa kidonge, ukisema nzuri, utapunguziwa. Vilevile ndiyo lugha ya bima.

Dada yako,
Rolande


Florida, 19 Septemba 1996

Dada Rolande,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila hili goti linatabiri mvua kila siku na kila siku linakosea. Pazia nimelicheka mpaka Mama Bolduc wa gari la jirani akaja kuuliza ni nani amekufa.

Nafasi yenu ipo. Nimeweka viti viwili vya plastiki katikati yake, maana hawa watu wa Trois-Rivières hawaaminiki. Kutoka hapo hadi majini ni kama kutoka kwenu hadi duka la mikate. Mwambie shemeji maji yenyewe unaweza kumwogeshea mtoto mchanga.

Lakini dada, nikuulize jambo. Nilipopiga simu Jumapili, Lucien alikuwa anahema kama mtu aliyebeba jiko mgongoni. Nikamwambia, "Shemeji, vipi?" Akanijibu, "Vilevile." Sikuipenda. Najua simu yenu iko jikoni na yeye yuko jikoni, huwezi kusema kitu. Basi niandikie.

Mdogo wako,
Ghislaine


La Sarre, 1 Oktoba 1996

Mdogo wangu,

Natumai goti limeanza kusema kweli. Mimi ni mzima. Yeye simjui, na hapo ndipo ninapokosa raha.

Akipanda ngazi za barazani anasimama katikati na kushika ubao wa pembeni. Nikimtazama ananiambia anakagua kama umeoza. Huo ubao umekaguliwa kuliko daraja la serikali. Juzi alikaa na kijiko cha supu ya njegere hewani, jasho linamtiririka, mkono mwingine kifuani.

"Lucien, twende kwa daktari."

"Kufanya nini?"

"Umekuwa na rangi ya majivu."

"Rangi yangu ni hiihii tangu harusi. Ulinikubali nayo."

"Mzee, sitanii."

"Hata mimi. Nikienda, atabadili kidonge. Akibadili kidonge, tunabaki hapa, mimi na wewe na koleo. Nitaenda Aprili, tukirudi, nikiwa nimebabuliwa na jua. Hata hatanitambua."

Ghislaine, nimembembeleza, nimemnunia, nimemfichia chumvi, nimelia mbele yake na nimelia ndani ya choo chenye pazia. Hasikii. Anaficha ugonjwa ili alindwe akiugua! Nikimwambia hivyo anacheka, halafu kicheko kinamkata pumzi.

Ninakuomba kitu kibaya. Mwandikie uongo. Mwambie uwanja umefungwa, kimbunga kimepita, nafasi hakuna. Safari ikifa, hatakuwa na bima ya kulinda, na ataenda kwa daktari. Nakuomba kwa mama yetu aliyetuzaa. Fanya haraka.

Dada yako,
Rolande


Florida, 10 Oktoba 1996

Dada,

Shikamoo. Habari yangu haina maana leo.

Uongo wako umo ndani ya bahasha hii, karatasi ya kijani, umeandikwa kwa jina lake. Nimesema kimbunga kimeng'oa nguzo za umeme, uwanja umefungwa mpaka mwakani, na pwani imejaa takataka hata mbwa hawashuki. Nimeyaandika hayo nikiwa nimeketi kivulini, jani halitikisiki, bahari iko mbele yangu imetulia kama maziwa kwenye bakuli. Nimeona haya kuitazama.

Usipofanikiwa na huo, mwambie ukweli. Siyo kwamba yeye anaumwa, hilo analijua. Mwambie kwamba wewe unaogopa. Wanaume wa kwetu hawaoni woga wa mtu mpaka watajiwe kwa jina.

Mdogo wako anayekuombea,
Ghislaine


La Sarre, 21 Oktoba 1996

Mdogo wangu Ghislaine,

Nakusalimu kwa haraka, usishangae mwandiko.

Aliisoma karatasi ya kijani mezani, polepole, midomo ikitembea. Nilishika kiti kwa matumaini. Akavua miwani.

"Maskini Ghislaine," akasema. "Tutampitia tumchukue, twende wote Texas."

"Texas?"

"Kwani huko maji hayana chumvi?"

Akatandaza ramani juu ya mkate na siagi. Sijamwona na furaha hiyo tangu siku ile dhoruba ilipofunga kiwanda wakapewa mapumziko.

Basi nikafanya ulivyoniambia. Nikaketi karibu yake nikamwambia, "Lucien, naogopa. Naogopa utakufa." Akaukunja ule ukingo wa ramani, akaukunjua.

"Hata mimi naogopa, mama," akasema. "Unadhani haraka yote hii ni ya nini?"

Nikaondoka kwenda kumwagilia maua ambayo baridi ilishayaua.

Usitume uongo mwingine. Haufanyi kazi kwa mtu aliyekwisha kufungasha. Nimebakiwa na kitu kimoja tu: siku ya Watakatifu Wote sitapanda. Bila mimi hawezi kwenda; akiwa peke yake anapotea hata Ontario hapo jirani. Atanichukia. Na anichukie, ilimradi ananichukia akiwa na pumzi.

Dada yako,
Rolande


Florida, 9 Novemba 1996

Dada yangu,

Shikamoo, popote ulipo. Napiga simu, inalia mpaka inachoka. Kila gari-nyumba lenye namba za Quebec likiingia getini nainuka, goti na yote. Hata wale wa Trois-Rivières wamenionea huruma, jana waliniletea mkate wa nyama.

Je, mlienda Texas? Ulipanda? Mmegombana? Nitafurahi sana nikisikia mmegombana. Niandikie hata neno moja. Hata hilo la "vilevile", nitalipokea.

Mdogo wako,
Ghislaine


Rouyn, 14 Novemba 1996

Mdogo wangu Ghislaine,

Nisamehe kwa kimya. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha hospitali. Mimi ni mzima.

Siku ile, baada ya misa, aliketi kwenye usukani akawasha injini. Mimi nikasimama kwenye theluji, mikono kifuani.

"Panda, mama."

"Sipandi."

"Nitaondoka peke yangu, Rolande."

"Ondoka. Nisalimie Texas."

Akafunga mlango kwa hasira, akapiga honi. Majirani wakatoka wakidhani ndiyo kwaheri yenyewe, wakaanza kutupungia mikono. Mtaa mzima unapunga na gari halisogei. Mimi nilijua ni ukaidi. Nimeolewa na huo ukaidi, nikasema moyoni, mwache akae, kitamtoka. Hata alipoinamisha kichwa, nilidhani anatafuta miwani. Nilimwacha akaitafuta kwa muda mrefu, Ghislaine.

Alizinduka juzi. Jana daktari akaja, binti mdogo mwenye viatu vya mpira. Hajasema hata habari ya asubuhi, Lucien akaivuta chini ile barakoa ya hewa.

"Daktari, umebadili kidonge?"

"Hapana, Bwana Veillette. Ni kilekile."

Akanibana mkono. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda bingo ya parokia. "Umesikia?" akaniambia. "Bima ipo. Tunaondoka Desemba." Akalala akitabasamu.

Nikamfuata daktari hadi mlangoni nikamwuliza kwa nini hakukibadili. Akasema hakuna tena kidonge cha kumpa.

Dada yako,
Rolande