Pole ya Kuua

Jumanne, 4 Machi

Kitinda wangu kapata kazi! Miaka mitatu digrii yake iko chini ya godoro, leo kaitwa. Anafasiri kitabu cha wachawi — kinene, ukikiangusha kinavunja kigae. Nikauliza, wachawi gani tena mwanangu, watu watasemaje? Kasema si wa kuroga majirani, ni wa hadithi, wana shule zao na mitihani. Haya. Kila nchi ya dunia imo mle na uchawi wake. Na yetu je? Imo, mama! Nimefurahi mpaka nimeunguza sufuria.

Alhamisi, 6 Machi

Kafika kwenye nchi yetu. Sura ya kumi na moja. Chai imepoa hajaigusa. Nikamwambia nisomee.

Wenzetu wana majumba ya mawe na walimu wenye kofia. Sisi hatuna shule. Tumefundishwa na fisi! Hakuna mji, hakuna hata duka la chumvi — vumbi tu. Halafu anatokea kibibi, peku, anamnyooshea mgeni kidole, anasema: "Pole!" Mgeni chali. Amekufa.

Nimecheka chai ikanitokea puani. Pole inaua? Kitinda hakucheka. Kasema mwandishi kaliokota neno letu mahali, kaona linasikika vibaya. Na katika kitabu kizima ndiyo laana inayoogopwa kuliko zote.

Ijumaa, 7 Machi

Kitinda alitaka kuweka neno la kubuni. Mhariri wake kakataa — ofisini wanamwita Bwana Mkato, maana hakuna sentensi anayoipita bila kuichomekea mkato. Wenye kitabu hawaruhusu kugusa laana, hata herufi moja. Aache "Pole", au Jumatatu arudishe kitabu. Yuko mwingine anangoja.

Nikamwambia liache tu mwanangu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

"Nimeinama, mama. Nimekiona na hicho cha uvunguni. Ni sisi."

Mdomo huo hakuutoa kwangu. Lakini akirudi tena kukaa pale dirishani kutwa nzima, kama miaka ile mitatu?

Jumapili, 9 Machi

Zamu ya asubuhi, wodi ya wanawake. Napiga deki, natoa pole kitanda hadi kitanda kama siku zote. Dawa sina mimi, nina ndoo na pole. Leo nimefika kitanda cha sita, kwa yule bibi aliyevunjika nyonga — ulimi ukagoma. Nikamwona mgeni wa kitabuni, chali. Nikapita kimya.

Bibi akaniita. We wa deki! Wenzangu wote umewapa, mimi umeniruka, nimekukosea nini?

Nikarudi. Pole, bibi.

"Ahaa. Sasa pitisha tambara lako."

Nimefika nyumbani hata viatu sijavua, nikamwambia Kitinda: usiliandike. Kanikumbatia. Baadaye woga ukanishika — mimi huyu huyu wa Ijumaa!

Jumatatu, 10 Machi

Kitinda kapiga saa sita, anahema. Wenye kitabu wamelegea! Laana ibadilishwe, ila liwe neno letu la kweli, tunalolisema, si la kubuni. Kawaambia mama yake ndiye aliyekataa, basi Bwana Mkato atanipigia mwenyewe saa nane nimpe jingine. "Likikosekana, Pole inabaki, na mimi naondoka. Fikiri, mama."

Nimefikiri huku namenya vitunguu. Nyamaza? Ndiyo niliyombembelezea huyu huyu. Kesho? Wodini wanaishi kwa hiyo. Nenda? Daktari akimwambia mgonjwa nenda, wodi nzima vigelegele. Kila ninaloligusa lina mtu wake.

Saa nane kamili, simu. Sauti nene, ya adabu. Shikamoo mama. Nimeambiwa lile hukulipenda. Haya, una neno?

Nikasema kweli: "Sina neno, baba."

"Ah, nashukuru sana, mama! Nilijua ni vijana tu wanaokuza mambo. Basi linabaki." Kakata.

Nikakaa na simu sikioni, nikisema moyoni mbona mtu mwenyewe muungwana — ndipo nikasikia nilichosema. Sina neno! Kaelewa nimeridhia!

Nampigia Bwana Mkato, inatumika. Kitinda yuko mle ofisini naye, sasa hivi anaambiwa mama yako kakubali. Napiga tena. Inaita. Na akipokea nitamwambia nini? Neno lenyewe bado —